Mguu wa Lipiko

"Futa," alisema Anselmo kwa mara ya tatu. Hata shikamoo ya Dominika hakuwa ameiitikia.

Dominika hakugusa kitu. Alikuwa na kibanda pale Newala, watu humletea simu awawekee video na nyimbo. Kwenye kompyuta yake lipiko, yaani mchezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, alikuwa amesimama hewani katikati ya mruko: kinyago usoni, nguo imepanda, mguu mmoja nje hadi gotini.

"Kule mtandaoni tumeshaifuta. Hapa kwako kwa nini bado inacheza?"

"Niliipakua mapema, shemeji. Programu zangu ni huria, hazinilazimishi kuomba ruhusa kwa mtu."

Anselmo, kaka wa marehemu mumewe na kiongozi wa kikundi cha mapiko, alijaribu upole. Atamnunulia programu ya kulipia, nzuri, kama wanazotumia wenye maduka Mtwara. Hizi za bure zina virusi. Rahisi ghali, alisema. Ikiharibika utampigia nani?

Dominika hakuwa mbishi wa kijinga. Alikubali kwamba ile ya kupakua hugoma hata wiki nzima, ukabaki kungoja watu usiowajua waitengeneze. Ile ya kuchezesha ina sura mbaya, vitufe vyote Kiingereza. Lakini virusi? Maandishi ya ndani ya zote mbili yako wazi, na mwalimu Ashraf wa kompyuta ameyasoma mwenyewe. Hiyo ya kulipia aliwahi kuitumia. Kila asubuhi ilitaka intaneti, na mwenye video akiifuta kwake, ya kwako nayo inatoweka. Umelipa, na bado si yako.

"Hii, mnara wa simu uzimike usizimike, inacheza," alisema. "Na hakuna mkono wa mtu unaoifikia."

Wanaume wa kwetu wakiishiwa hoja hupiga meza, na Anselmo akaipiga.

"Ndiyo ubaya wake! Inasimamisha picha mojamoja, wanawake wanakuja kuutazama mguu. Tangu lini mwanamke akamjua aliyemo ndani ya lipiko? Wameshaanza kumtaja Gasper. Unamwaibisha mumeo kaburini, Mama Julia!"

"Ngoma ile haifutwi."

Anselmo akakaa kwenye benchi. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Unadhani mimi napenda? Gasper alikuwa havai pamoja na sisi, anatokea shambani kwake keshavaa. Nimemwona akitoka hivyo miaka ishirini. Lakini siku ile ya video! Hajapata kucheza vile maishani mwake, na hakuna aliyerekodi ila mtu mmoja tu, aliyeiweka mtandaoni. Hata hivyo, mila ni mila. Futa, au kesho nakuja na wenzangu tuibebe kompyuta."

Hasira ilimpanda Dominika. Ngoma moja tu, na hawa wanataka isiwe imewahi kuchezwa. Akabonyeza kitufe. Lipiko akatua chini, vumbi likaruka, na watu ndani ya kompyuta wakapiga mayowe ya furaha.

"Njooni na kijiji kizima," alisema. "Lakini usimsingizie marehemu, shemeji. Siku ile Gasper alizidiwa na ugonjwa, hakuinuka kitandani. Nilimfunika shuka, nikavaa kinyago mimi."