Miche Kati ya Mahindi

Jirani, Mama Chausiku, anadai kuwa mbuzi ndio walioingia shambani kwa Sikudhani wakala miche ya mradi wa kupanda miti. Lakini Sikudhani, aliyefiwa na mumewe, alipofika alimkuta shemeji yake, Mbaruku, ameinama, anang'oa mche mmoja mmoja na kuulaza juani.

"Kumbe mbuzi wenyewe ni wewe, shemeji? Kesho watu wa mradi wanakuja kukagua. Wasipoikuta miche hai, ruzuku sipati."

"Mahindi panda mpaka uchoke," alisema Mbaruku. "Ila mti unakaa. Mwishowe utatuambia shamba la kaka yangu ni lako."

Ulibaki mche mmoja tu, wa mparachichi, kando ya kaburi la mumewe. Sikudhani akapiga magoti, akauzungushia viganja.

"Huu niachie, shemeji."

Mbaruku alijipangusa udongo mikononi, akasogea kando, akauacha.