Picha ya Tatu

Kitako cha bunduki kilimng'oa Yuma jino kabla hajaulizwa swali lolote. Askari alimwinua kutoka kwenye matope ya lupango wake, ua wa nyumba yake pale Kasungami, akamsimamisha mbele ya Chomba, ofisa wa usalama aliyevaa abakosti, suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri mno kwa kazi kama hiyo.

"Mwaba alikuya huku jana mangaribi," Chomba alisema. "Hakurudia. Iko wapi?"

"Sikumuona, chef."

Kila jirani alijua kwa nini swali liliulizwa hapa. Mwaba, mwenzake Chomba, ndiye aliyemkamata shemeji ya Yuma, mdogo wa mkewe Feza, na kumrudisha akiwa maiti ndani ya blanketi. Jibu baya lingempeleka Yuma kulekule.

Chomba alikiweka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa Yuma penye fremu ya mlango, akaubamiza. Yuma alitapika.

"Jana ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napiga nyota picha."

Askari alicheka, lakini nyota zilikuwa kweli. Yuma alikuwa na studio Kamalondo, akiwapiga watu picha za vitambulisho na harusi. Tangu asome gazeti moja kuukuu la Kifaransa alishikwa na wazimu wa nebula, yale mawingu yanayong'aa katikati ya nyota. Unaiacha kamera wazi gizani kwa muda mrefu, filamu inywe mwanga. Rahisi, gazeti lilidai. Picha ya kwanza ilitoka mikwaruzo mitupu, kwa sababu nyota hazimsubiri mtu. Ya pili, Feza alikatiza mbele ya kamera na ndoo ya maji, Yuma akamfokea kwamba amemharibia kazi. Iliposafishwa, haikuwa na Feza wala ndoo; alikuwa amepita haraka mno filamu isiweze kumnywa. Feza alinuna siku nzima. "Mi siko muntu?" aliuliza.

"Film ya jana ingali mu appareil," Yuma alisema, akionyesha kamera kwa kichwa, damu ikimchuruzika kidevuni. "Niliifungula tangu giza kuingia, ikaangalia lupango yote. Kama Mwaba aliingia, iko mule."

Chomba alifikiri. Ofisini kwake mtu alifungwa kwa picha moja tu; aliziamini kuliko midomo.

"Safisha hapa, mbele yangu. Nikiona hata kivuli ya muntu, unakufa leo."

Waliziba madirisha ya jiko kwa mablanketi. Yuma alichanganya dawa kwa mkono mmoja, bastola ikiwa mgongoni mwake. Feza alibaki nje na askari. Alipolia, askari alimpiga teke la tumbo ili anyamaze.

Mablanketi yaliposhushwa, Chomba aliinua filamu yenye maji dirishani. Juu kulikuwa na mistari ya nyota. Chini, mwanga wa tanuru za shaba za mjini ulikuwa umechora uzio, jiko na matuta mapya ya viazi vitamu, kama yale yanayolimwa kila lupango mvua zikianza. Mtu hakuwepo.

"Juu ya nini unapiga picha hata lupango?"

"Mi ningali najifunza, chef. Ninashushaka appareil mingi."

Chomba aliikagua tena, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Kisha alimzaba Yuma kofi la kuagia, akaondoka na filamu yake na askari wake.

Feza alipasua kikwembe alichojifunga kiunoni, akakifunga kile kidole. Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge, naye alilikaza fundo kwa meno.

"Niliogopa atatuona mule mu picha," alisema.

"Ni sawa na ile ya ndoo," Yuma alisema. "Njo maana nilikukatalia kupumuzika mpaka tumalize kuchimba na kumufukia Mwaba."