Nazi Nyekundu za Moa

Mudathir alimgusa pweza aliyekufa ufukweni kwa kijiti, ngozi ikachunika kama ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Harufu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka. Akakimbilia kando ya mikoko, akatapika chai yote ya asubuhi.

"Pole, mwanangu," alisema Bi Mastura. "Sisi tumeshazoea."

Bi Mastura alikuwa mkulima wa mwani hapo Moa. Mwani wake wote ulikuwa umelegea kwenye kamba kama kamasi. Alimnyooshea Mudathir viganja vyake. Vilikuwa vimebabuka, vinachuruzika majimaji. Mudathir alitazama mara moja, akashindwa kutazama tena.

"Samaki wa hapa bado mnawala?"

"Tule nini kingine?"

"Msile, mama. Nakuomba. Hata dagaa."

Moyo wa Bi Mastura ukalainika. Tangu yale mapipa ya sumu yaletwe na maji makuu ya bamvua na kupasukia kwenye mikoko, walikuja wengi, wakapiga picha, wakaondoka wameziba pua. Huyu peke yake ndiye aliyerudi. Wiki iliyopita alizipaka nazi rangi nyekundu, akaenda kuzitupa baharini kule kusini, karibu na kisiwa cha Maziwe, ili ajue maji yanaelekea wapi. Kina mama wa Moa akawaomba wamwangalizie.

"Nazi zako zimefika," alisema Bi Mastura. "Zimekwama palepale yalipokwama mapipa."

"Zote?"

"Zimekosekana mbili tatu tu. Upepo wa kusi ukivuma, uchafu wa watu wote huja kwetu."

Mudathir alitema mate. "Kazi ya kipumbavu kabisa hii! Mtu mwenye akili zake anatupaje sumu mahali kama pale?"

Machozi yakamlengalenga Bi Mastura. Hakuna mgeni aliyewahi kukasirika hivyo mbele yao. Akamshika mkono wa shati, akamwambia serikali imefanya jambo la maana kuwaletea mtu mwenye utu.

Mudathir alijaza maji kwenye chupa zake, akavua glavu.

"Hayo mapipa yalikuwa na jina lolote?"

"Wapi! Yote yamekwanguliwa."

Akashusha pumzi, akamuaga.

Garini aliosha mikono kwa sabuni, akaiosha tena, na bado ile harufu haikumtoka. Alipofika Raskazone aliegesha gari, akampigia simu bosi wake, Sabiri.

"Nimetoka Moa. Kunatia kinyaa, bosi. Watu wanaoza wakiwa hai."

"Na nazi?"

"Zimefika. Maziwe hapafai, mkondo unarudisha kila kitu pwani," alisema Mudathir. "Shehena ya Ijumaa, mwambie nahodha akaimwage mashariki ya Pemba."