Kazi Chafu ya Mume Wangu

Siku hizi sote tunaishi kwenye nyumba za magurudumu, na kila kituo cha kumwagia maji machafu huyapima, kisha humsomea majibu ya afya yule aliyeshika mpira wa kumwagia. Miaka yote Mbwambo alinikataza kuugusa. "Kazi chafu hii, mke wangu, niachie mimi." Nikajiona nimepata mume.

Leo mgongo umembana, hainuki kitandani. Nikaunganisha mpira mwenyewe, nikafungua koki, tangi likaanza kumwaga.

"Mke anatumia dawa za kushika mimba," kituo kikasoma. "Mume anatumia vidonge vya kuzuia mimba vya wanaume, kama kawaida yake."

Nikafungulia maji safi kusuuza tangi.

"Limetakata, Nakijwa?" akauliza kutoka kitandani.

"Bado," nikajibu, na maji yalishaanza kutoka meupe.