Mdomo wa Mungu wa Mvua

Kidawa aliusugua mdomo wa sanamu ya mungu wa mvua kwa jivu na mchanga, huku harufu ya uvundo ikimjaa puani. Vizazi kwa vizazi mdomo ule wa jiwe ulipakwa mafuta ya kondoo, ati mungu ashibe. Sasa yalikuwa ukoko mweusi uliovunda, umejaa manyoya na mabawa ya nzi. Mwaka wa njaa, kondoo wake wa mwisho aliishia humo, na wanawe wakalala kwa maji matupu.

"Sugua, mama," alisema kuhani wa dini mpya, kitambaa puani. "Mungu ni Mmoja tu, na Yeye hali wala hanywi."

Kwa neno hilo tu Kidawa alikuwa ameamini.

Jiwe lilipotakata, mafundi walililaza kifudifudi mlangoni mwa nyumba mpya ya ibada, liwe kizingiti, kila aingiaye akikanyage kisogo cha sanamu.

Siku ya kuifungua nyumba, kuhani alitokea akimburura kondoo jike pekee ambaye Kidawa alikuwa amempata tangu njaa ile.

"Sadaka yako hii, mama. Mlango haufunguliwi mkavu."

"Si ulisema Mungu hali?"

"Hali. Hii ni desturi tu."

Akamchinja pale pale, akachota mafuta ya mkia, akakipaka kizingiti, na watu wakapiga vigelegele. Harufu ikamrudia Kidawa, ile ile. Akatema mate. Jua lilipopanda, mafuta yaliyeyuka, yakatiririka hadi ukingoni, yakapenya polepole kwenye ufa, chini kule, mdomo ulikolala.