Mpangaji Amefika

Saa nne asubuhi mwanaume asiyejulikana aliingia mtaa wa Chapwa, Tunduma, na faili kwapani, akabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza aliyoikuta na kusema, "Mimi ni mpangaji."

Kabla maharage ya mama Brayson hayajachemka, habari ilikuwa imeshafika bondeni. Mpangaji wa mji amekuja! Wiki nzima walikuwa wakimsubiri. Barua iliyobandikwa mlangoni kwa mwenyekiti wa mtaa ilisema atapita kuchagua kaya kumi na mbili zitakazopewa viwanja vya bei nafuu, na bondeni peke yake kulikuwa na nyumba sitini zenye alama ya X nyekundu ya kubomolewa.

Ya mama Brayson ilikuwa mojawapo. Jina lake hasa Nyanzobe, mjane aliyepanda kutoka Msangano na watoto watatu, akafyatua matofali ya nyumba hiyo kwa mikono yake. Kila masika maji yalipita sebuleni bila kubisha hodi. Sasa mvua zilibakiza wiki mbili. Bila kiwanja angekwenda wapi?

Mwenyekiti, mzee Yonathani, alimpokea mgeni kwa mikono miwili.

"Karibu, mheshimiwa!"

"Aa, mzee, mimi ni mpangaji tu."

"Wasomi bwana!" Mwenyekiti akawageukia watu. "Mnauona unyenyekevu?"

Wakazunguka nyumba kwa nyumba. Mgeni aliuliza maswali ya mtu anayejua anachokitaka. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi? Kelele za malori ya mpakani zinafika huku? Kila alipojibiwa, aliandika. Waliomwona akitikisa kichwa mlangoni mwa choo cha akina Tuntufye walisema huyu ana huruma.

Kwa Nyanzobe alisimama muda mrefu katika chumba cha uani. Kilikuwa kimepigwa lipu majuzi, na ndicho pekee ambacho maji hayakukifikia. Akafungua dirisha, akalifunga.

"Hiki kina mtu?"

"Kina mtu."

"Mbona kitupu?"

"Anahamia leo saa kumi. Ni dada mmoja mgeni, tumekutana kanisani. Hana ndugu hapa Tunduma. Nimemwahidi."

"Mimi nimekipenda, mama. Hatuwezi kuelewana?"

Mwenyekiti akamvuta Nyanzobe nyuma ya banda la kuku.

"Mama Brayson, una akili timamu? Mpangaji anataka pa kuweka vyombo vyake vya kupimia, wewe unamletea habari za kanisani? Kalamu anayo nani?"

"Anayo yeye."

"Sasa?"

"Neno nimeshalitoa, mwenyekiti."

"Haya. Mvua ikinyesha, kalale ndani ya hilo neno."

Nyanzobe akawatazama wanawe waliokuwa wakicheza chini ya ile X. Brayson alikuwa na miaka minne na aliamini ni pambo. Akarudi chumbani.

"Nisamehe, kaka. Kina mwenyewe."

Mgeni akafungua daftari, akatafuta mstari, akaukata. Nyanzobe aliisikia kalamu ikipita.

Mwenyekiti akamchukua mgeni kwake, akamchinjia jogoo.

Saa kumi kamili yule dada akafika. Aliitwa Ruti, mwembamba, anasukuma baiskeli iliyofungwa godoro, begi la nguo na bunda refu la makaratasi yaliyoviringishwa. Nyanzobe akampokea godoro, akalibeba mwenyewe hadi ndani, akampa ufunguo. Ya asubuhi hakumwambia. Mgeni hakaribishwi kwa lawama.

Ndipo mwenyekiti akaingia uani, uso umemshuka.

"Amemaliza jogoo mzima," alisema. "Kisha ananiuliza sebule yangu naipangisha shilingi ngapi. Ni karani wa malori, mama Brayson! Anatafuta chumba!"

Nyanzobe hakucheka. Mpangaji wa kweli alikuwa bado hajaja, na yeye alikwishachoka kusubiri.

"Shikamoo, mzee," alisema Ruti kutoka mlangoni.

"Marahaba." Mwenyekiti alimtazama kana kwamba ndiye aliyemla jogoo wake. "Na wewe binti, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mpangaji."

"Hilo naliona, godoro lako lile pale. Nakuuliza kazi."

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee," alisema Ruti. "Kesho naanzia hapa bondeni."