Ratiba ya Mwenyekiti

Kanuni ya kikundi cha wanafunzi ilijulikana kwa wote watano: asiyeleta sura yake ya ripoti kabla ya Ijumaa saa sita, jina lake hukatwa jaladani, na asiye na jina hapati alama.

Mwenyekiti ndiye aliyeitunga. Wiki nane aliipamba ratiba kwa kalamu za rangi nne, na kila alipoichora upya, tarehe ya sura yake mwenyewe aliisogeza mbele.

"Sura ya tatu iko wapi, mheshimiwa?" akauliza katibu Ijumaa ilipofika, stepla mkononi.

"Dada, mimi nilikuwa nasimamia ratiba."

"Haya, mwalimu atasahihisha rangi zako!"

Wenzao wakaangua kicheko. Ilipotimia saa sita, katibu akamsogezea mwenyekiti jalada na rula ile ile aliyochorea ratiba.

Mwenyekiti akailaza juu ya jina lake, akapiga mstari ulionyooka vizuri mno. Ndiyo kazi pekee aliyoimaliza kwa wakati.